Vyumba Vitatu Kitabuni

Quamset, Massachusetts
9 Machi 1998

Shangazi Lovina,

Naandika nikitumaini jua la Arizona linakutunza vizuri kuliko theluji inavyotutunza sisi. Hatujambo sote. Beatriz bado anaendesha basi la shule, na bado ananyamazisha watoto arobaini kwa jicho moja tu kwenye kioo. Mabinti zetu, Ines na Mercy, wanalala chumba kimoja na kugombana kwa zamu. Mmoja akichoka, mwenzake anaendeleza. Mimi natengeneza milango kumi na minne ya tajiri mmoja wa Boston aliyejenga nyumba ya kiangazi. Atakaa humo wiki mbili kwa mwaka, na kila usiku ataweza kufunga mlango tofauti.

Sasa habari yenyewe. Shimo limekufa. Jumapili ya juzi tulikuwa mezani, Beatriz ametoa nyama kwenye jiko, mara choo cha chini kikaanza kuguna kama mtu anayetaka kuchangia mazungumzo. Kabla hatujafika kwenye keki kilikuwa kimeshachangia.

Jumanne akaja Kittredge, afisa wa afya wa mji, na fimbo yake ndefu. Akaichomeka, akainusa, akaandika. Lile shimo la majitaka alilojenga baba mwaka 1964 limejaa mpaka mdomoni, na maji ya bwawa yanaingia kwa chini. Baraza la Afya limetupa mpaka tarehe mosi Desemba tuweke tangi jipya na mitaro mipya ya kunyonya maji. La sivyo nyumba inafungwa, na hatulali humo.

Ugumu ni kiwanja. Unakikumbuka: nyuma bwawa, mbele kisima chetu, ubavuni kisima cha jirani. Mahali pa kuweka mitaro ni kama leso. Na baraza, kama ujuavyo kuliko mimi, halihesabu watu wala vyoo. Linahesabu vyumba vya kulala. Chumba kikiongezeka, mitaro inarefuka. Kittredge akafungua jalada la 1964: "Vyumba vya kulala: vitatu." Kisha akahesabu kwa kidole, kimoja chini, akapanda ngazi, akashuka na vinne.

"Nani aliandika vitatu?" akaniuliza.

Mwandiko ni mzuri mno, Shangazi, na chini yake pameandikwa L. Tripp, Katibu wa Baraza. Nikamwambia sijui, labda watu wa zamani walikuwa wanahesabu polepole.

Nimeamua kuomba vinne. Kuna lolote unalokumbuka?

Mwana wa kaka yako,
Orrin


Cobre Seco, Arizona
2 Aprili 1998

Orrin, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu: mara mbili kwa habari, mara moja kwa harufu. Mimi ni mzima. Mvua ilinyesha tarehe kumi na nane kwa dakika ishirini na watu wa mtaa huu walitoka nje kuitazama kana kwamba ni harusi. Ile maktaba niliyoifanyia kazi imenunua viti vipya ambavyo mtu hawezi kuvikalia zaidi ya kurasa kumi. Nasoma nyumbani. Msalimie Beatriz, na mwambie mbinu yake ya kioo niliitumia mimi kwa miaka ishirini na sita.

Kuhusu jalada la 1964 sina la kuongeza. Kilichoandikwa kimeandikwa.

Lakini ushauri ninao. Omba vitatu. Ukarabati wa ukubwa ule ule baraza huupitisha kabla ya kahawa kupoa. Ukiomba ukubwa zaidi kwenye kiwanja cha namna ile, unawaalika majirani wote waje kueleza habari za visima vyao. Ninyi ni wanne. Mume na mke, chumba kimoja. Mabinti, kimoja. Cha tatu kibaki cha mgeni au cha kununiana. Cha nne kitolewe mlango ili kisihesabiwe, kiitwe chumba cha kushonea, kama wafanyavyo watu wenye akili. Hesabu hiyo hata ng'ombe wa Arruda wanaiweza, kama Arruda bado anafuga.

Kwa nini unataka vinne?

Na usinipigie simu. Sisikii vizuri, na simu husahau kilichosemwa.

Shangazi yako,
Lovina Tripp


Quamset
26 Aprili 1998

Shangazi mpendwa,

Kumekucha huku. Vyura wanapiga kelele bwawani, na Mercy amepoteza jino na anadai halikuwa lake la kupotea. Beatriz amekusikia kuhusu kioo. Anasema sasa anajua kwa nini aliolewa kwenye ukoo huu.

Arruda bado anafuga, na zaidi ya hapo sasa ndiye mwenyekiti wa Baraza la Afya. Wenzake ni Bi Gifford, muuguzi mstaafu, na Pell anayeuza mashua.

Wiki iliyopita tulipima ardhi. Aprili ndio mwezi wake, maji ya chini yakiwa juu, ili mtu asije kudanganya kwa kupima wakati wa kiangazi. Mashine ikachimba, mhandisi akamimina maji shimoni, kisha yeye na Kittredge wakapiga magoti, saa mkononi, wakitazama maji yanavyoshuka. Beatriz alirudi na basi akawakuta hivyo, akaniuliza kwa kunong'ona nani amekufa. Basi, ardhi inanyonya. Si kwa furaha, lakini inanyonya.

Umeuliza kwa nini vinne. Wasichana wanakua.

Najua kila mtu mjini ana chumba kisicho chumba. Siku ya ukaguzi vitanda hubebwa kwa gari mpaka zizini kwa Arruda, na jioni vinarudi vikinukia samadi. Pell mwenyewe ana "chumba cha kusomea" chenye magodoro matatu na hakuna kitabu. Beatriz aliniambia tufanye hivyo hivyo. Nimekataa.

Kittredge anasema hivi: kama kuna mtu atakayethibitisha kwamba mwaka ule wa 1964 vyumba vinne vilikuwa vinalaliwa, baraza linaweza kuhesabu vinne kuwa ndiyo matumizi ya asili ya nyumba, na likatupa ruhusa maalumu mitaro isogelee kisima cha jirani. Waliokuwa wakilala humo mwaka ule ni bibi, baba, mama, mimi na wewe. Bibi, baba na mama wako makaburini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na nilichokuwa nahesabu ni biskuti.

Umebaki wewe.

Orrin


Cobre Seco
20 Juni 1998

Orrin,

Samahani kwa kuchelewa na samahani kwa penseli. Naandika nikiwa nimeegemea mito, na wino hauteremki vizuri kwa mtu aliyelala. Nilikuwa na mambo ya nyumbani. Yanaendelea vizuri. Jirani yangu, Bwana Ochoa, ananiletea supu ya kuku na habari za mtaa, na vyote viwili ameviongezea pilipili.

Mpe Mercy pole ya jino.

Kuhusu ushuhuda, hapana. Nina miaka sabini na saba. Nimetoka Quamset miaka thelathini na miwili iliyopita, na sioni sababu ya jina langu kutajwa tena katika ukumbi ule, halafu kwa jambo kama hili. Ulichouliza unalijua jibu lake; ungekuwa hulijui usingeuliza kwa adabu nyingi hivyo.

Nitakwambia hili tu, na si kwa ajili ya baraza. Dirisha la kaskazini lilikuwa linatazama bwawa. Januari barafu ilikuwa inapasuka alfajiri kwa mlio mmoja mrefu, kama mtu anayechana shuka kutoka pindo hadi pindo. Huku jangwani sijapata kusikia mlio unaofanana nao. Nimesikiliza.

Omba vitatu.

Shangazi yako,
Lovina


Quamset
15 Julai 1998

Shangazi,

Sote wazima, joto limezidi, na Ines amejifunza kuogelea kwa kukataa kutoka majini. Bibi yake mzaa mama amekuja na soseji za Kireno za kutosha kikosi cha wanamaji.

Kikao cha kwanza kilikuwa Jumatatu. Kama sheria inavyotaka, nilipeleka barua za rejista kwa majirani wote tunaopakana nao. Nyumba tatu tunaonana kila siku, tunaazimana ngazi, lakini ilibidi postamasta awapelekee wasaini. Jirani wa kisima alinirushia yake juu ya ua. "Ungeweza tu kuniambia jana ulipokuja kuchukua nyundo," akasema. Nikamwambia jana haikuwa na muhuri.

Arruda alikuja na mabuti ya zizini. Pell ndiye aliyeanza.

"Bwana Tripp, watu wanne, vyumba vinne. Mnataka kila mtu akoromee kwake?"

"Nyumba ilikuwa na vyumba vinne tangu zamani za babu yangu."

"Kitabu kinasema vitatu."

"Kitabu hakijawahi kulala pale."

Watu wakacheka. Bi Gifford hakucheka. "Basi tuletee mtu aliyewahi kulala," akasema.

Arruda akajikuna shingo. "Orrin, ukisema vitatu nagonga meza sasa hivi, unakwenda nyumbani, unachimba. Kuna nini na hicho cha nne?"

"Ni chumba cha kulala," nikasema. "Basi."

Wakaahirisha mpaka Septemba. Tukikosa Septemba, ardhi itaganda kabla ya mhandisi kuleta mitambo, na tarehe mosi Desemba tutahamia kwa mama mkwe wangu, pamoja na soseji zake. Beatriz alinitazama kwenye kioo cha gari njia nzima ya kurudi.

Jambo lingine. Usinikasirikie, nilipiga simu. Alipokea mwanamume akasema Bi Tripp yuko kwenye mazoezi, na kwamba leo amefanya vizuri, ametembea mpaka dirishani.

Mazoezi gani, Shangazi?

Orrin


Cobre Seco
1 Agosti 1998

Orrin,

Nilikuambia usipige simu. Huyo ni Bwana Ochoa, na anapenda kutia chumvi.

Wazee wote wa mji huu wanafanya mazoezi. Ni dini yao. Wana hata mavazi yake. Nimejiunga ili nisionekane kafiri. Tusiendelee na mada hiyo.

Nimefurahi Ines anaogelea. Baba yako alijifunza kwenye bwawa lile lile kwa kusukumwa, na aliyemsukuma ni mimi.

Sasa nisikilize vizuri. Nimekaa kwenye baraza lile miaka tisa, nimesikia watu wakiomba vyumba kwa kila sababu iliyoko duniani: mapacha, wapangaji, wakwe, nyuki. Aliyekuwa akisema "ni chumba cha kulala, basi" ni yule aliyekuwa na mtu wa kulala humo na hataki kumtaja. Wewe huna mpangaji. Mabinti zako, kwa maneno yako mwenyewe, wanagombana kwa furaha. Unahatarisha paa la watoto wako kwa chumba ambacho hakina mtu.

Chumba cha nne ni cha nani? Nijibu kwa sentensi moja.

Lovina


Quamset
14 Agosti 1998

Shangazi,

Ni chako.

Umesema sentensi moja, lakini karatasi imebaki. Kitanda kipo, rafu zako zipo, na kila masika Beatriz anafungua dirisha. Kila ninapotengeneza mlango wa mtu nafikiri kwamba nyumbani kwangu kuna mlango mmoja ambao haujafungwa na mtu kwa ndani tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nilitaka baraza liandike vinne kwanza, halafu nikuandikie uje. Sikutaka kukuita kwenye chumba ambacho kwa sheria hakipo.

Beatriz anajua. Ndiyo maana anavumilia.

Njoo nyumbani.

Orrin


Cobre Seco
30 Agosti 1998

Orrin, mwanangu,

Ndani ya barua hii kuna bahasha nyingine iliyofungwa, imeandikwa Kwa Baraza la Afya. Ipeleke kama ilivyo. Usiifungue juu ya mvuke wa birika. Mimi ndiye niliyemfundisha baba yako ufundi huo, kwa hiyo alama zake nazijua.

Uipate habari yenyewe kwangu kabla hujaisikia ukumbini. Mwaka 1964 shimo la babu yako lilikuwa limebomoka, na kiwanja, kama ulivyosema, ni leso. Kilibeba vyumba vitatu. Baba yako, Asa, alikuwa na mke, mtoto, na mama mgonjwa. Mimi nilikuwa katibu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na nikakata kimoja. Nikachagua changu, kwa sababu nisingeweza kukata cha mtu mwingine. Asa hakuniomba. Alipoiona fomu alisema, "Asante, Lovie," akaenda kuchanganya saruji. Niliona ni ujanja mdogo. Nilikuwa nawakatalia watu wengine mambo madogo kuliko hilo.

Miaka miwili baadaye, mama ameshazikwa, tuligombana mezani. Sababu sikumbuki sawasawa, nadhani ilikuwa ni nani ahifadhi saa ya ukutani. Nikamwambia hii ni nyumba yangu pia. Akasema, akiwa anapaka siagi kwenye mkate, hata hakuinua sauti: "Kitabuni huna chumba hapa, Lovina. Na wewe ndiye uliyeandika."

Ungekuwa uongo ningembishia. Asubuhi nikapanda treni. Nilichukua barua ya kwanza ya kazi iliyonijia, na kazi ilikuwa huku. Aliniandikia mara mbili kuhusu hali ya hewa. Nikamjibu kuhusu hali ya hewa. Alipofariki nilikuwa na tiketi mkononi na sikuenda, na hilo sitalieleza kwa sababu siliwezi.

Kuhusu kuja, sijasema ndiyo wala hapana. Kwanza barua isomwe.

Shangazi yako,
Lovina


Quamset
17 Septemba 1998

Shangazi mpendwa,

Sote wazima, na leo sina habari nyingine za nyumbani, nitaingia moja kwa moja.

Ukumbi ulijaa. Mtu wa nyumba ya pembeni mwa kanisa alikuja kugombea bomba lake la pampu, akabaki mpaka mwisho. Arruda akaifungua bahasha, akamwomba Kittredge asome kwa sauti. Ninayo nakala mbele yangu: "Kwa Baraza. Mwaka 1964, nikiwa katibu wenu, niliandika kwamba nyumba ya Asa Tripp ina vyumba vitatu vya kulala. Vilikuwa vinne. Cha nne kilikuwa changu, ghorofani upande wa kaskazini, na siku ile ile niliyoandika nililala humo. Hakuna aliyenituma. Naomba kumbukumbu isahihishwe, na asiadhibiwe aliyerithi kosa langu."

Kittredge akaikunja barua. Kisha Arruda akasema, "Miaka thelathini na minne. Watu wa mji huu wanaficha vitanda zizini kwangu kila Juni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia mstari."

Pell akaanza kukagua kucha zake.

"Huyu mama," Arruda akaendelea, "alipokuwa akitunza maktaba ya hapa, alinitoa nje mbele ya watu kwa sababu ya mabuti."

"Haya haya?" Bi Gifford akauliza.

"Ndugu zake."

Wakapiga kura kusahihisha kitabu cha 1964. Wote watatu. Kimeandikwa sasa: vinne. Nilidhani tumeshinda, nikamshika Beatriz mkono.

Halafu Bi Gifford akasema, "Namwamini kila neno. Lakini kisima cha jirani hakijui habari za dhamiri. Mitaro ya vyumba vinne itakuwa futi sitini tu kutoka kwenye maji ya watu ya kunywa. Mimi nimeuguza watoto walioharisha kwa maji. Siwezi." Pell akaungana naye, nadhani kwa woga wa kutazamwa. Wawili kwa mmoja. Tumepewa ruhusa ya vitatu, tangi na mitaro, kazi ianze mara moja. Chumba cha nne kiondolewe hadhi ya chumba kabla ya ukaguzi wa mwisho.

Nikanyanyuka nikamuuliza Arruda ni kipi.

"Sisi tunahesabu vyumba, Orrin," akasema. "Hatupangi nani alale wapi. Toa mlango unaoutaka."

Kwa hiyo nimekwisha kuamua. Nitatoa mlango wa chumba cha baba, kile cha chini karibu na choo. Chako kinabaki. Beatriz ananiambia nikueleze lile ambalo nimelikalia miaka minane. Baba alipokuwa hospitali, siku mbili kabla hajaondoka, aliniambia: "Shimo lile halitafika mbali. Ukijenga jingine, kitabuni viwe vinne. Mwambie Lovina." Nikangoja nimwambie nini. Akauliza matokeo ya mpira. Nikamwambia tumefungwa, akasema kama kawaida, akalala.

Sikuandika kwa sababu sentensi ilikuwa haijaisha. Sasa nakuletea hivyo hivyo ilivyo.

Orrin


Cobre Seco
2 Oktoba 1998

Orrin, mwanangu,

Weka chini bisibisi.

Tarehe kumi na moja Mei nilianguka kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Ngazi tatu tu. Nilivunja nyonga. Wameniwekea chuma, na "mazoezi" ni mwanamke mmoja hodari aitwaye Bi Yazzie anayenitembeza ukumbini na fremu ya magurudumu na kunisifu kama mtoto anayejifunza kukojoa. Nitatembea. Ngazi sitapanda tena; daktari amelisema hilo kwa lugha ambayo haiachi nafasi ya rufaa. Chumba ulichokipigania miezi saba nisingekifikia ila kwa kubebwa kama kabati.

Sikukwambia kwa sababu ungekuja kunichukua kwa huruma. Wewe hukuniambia kwa sababu ulitaka kunipokea kwa sheria. Tungekuwa na ulimi, sisi Tripp, ungekuwa umeshachimba mwezi wa Aprili na Bi Gifford angelala vizuri. Amefanya sawa, mwambie. Ningekuwa kitini pake ningepiga kura ile ile, na safari hii ningekuwa mkweli.

Toa mlango wangu. Chumba cha kaskazini kibomolewe ukuta wa upande wa ngazi, mabinti wapate mahali pa kugombania penye mwanga. Na tumia msumeno. Mlango uliotolewa kwa bisibisi hurudi mahali pake afisa akishapinda kona. Nimekaa kwenye baraza, najua.

Mimi nitalala chumba cha Asa. Nimejiuliza siku tano kama naweza, na naweza. Yeye hakumaliza sentensi yake, nami sikuja kumzika. Hakuna anayemdai mwenzake.

Bwana Ochoa ananisindikiza mpaka Chicago, kwa dada yake. Kutoka hapo nitajitegemea. Nitafika kituo cha Providence tarehe ishirini na nne, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Njoo na Beatriz, na uje na gari lisilo na ngazi ya kupandia. Usimwambie Arruda saa. Atataka kuja na mabuti.

Kwenye fomu ya ukaguzi wa mwisho andika vitatu. Kisha zunguka chini na juu uhesabu kwa kidole, viwe vitatu.

Shangazi yako,
Lovina